Nilivyoanza kuwaelewa vijana wa kijiweni

Nauza chai, chapati na ugali wa muhogo kwa mgebuka karibu na soko la Mwanga, hapa Kigoma. Wateja wangu wengi ni vijana wa bodaboda, na nusu ya maneno yao yalikuwa yananipita. Nikaamua kujifunza.

Nilianza na pesa, maana huko kutoelewa ni hasara. Jero ni mia tano, buku ni elfu moja, kwa hiyo buku jero ni elfu moja mia tano. Msimbazi ni noti ya elfu kumi. Noti ile ni nyekundu, na wekundu ni Simba, wenye makao yao Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Shabiki wa Yanga naye huiita hivyo hivyo, bila kinyongo, ilimradi iingie mfukoni mwake.

Msimbazi ndiyo iliyonipa njia. Tangu hapo siulizi neno lina maana gani, nauliza limetoka wapi. Ukiuliza maana mbele ya kundi, watakudanganya huku nyuso zimekazwa kabisa, kisha wasubiri uende ukalitamke mbele ya shehe. Mmoja peke yake, anayesubiri chapati iive, hukueleza vizuri. Halafu nategea sikio meza ya pili, nione kama nao wanalitumia vile vile.

Kitonga, kwa mfano, ni ule mteremko mkali wa barabara ya Iringa. Mtaani ni kitu cha bure kisichotoa jasho. Sisi tulisema tu "mteremko", wao wameupa anwani. Chawa ni mtu anayemganda tajiri au mwanasiasa, akimsifu asubuhi hadi jioni ili apate cha kunyonya. Aliyebuni hilo anastahili chapati ya bure. "Kuupiga mwingi" lilikuwa la uwanjani, la mpira, hadi Rais Samia alipoingia madarakani mwaka 2021 likahamia kwenye siasa. Wengine hudhani huku mwisho wa reli maneno hutufikia yamechakaa. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini maneno ya siku hizi hayapandi treni, yanakuja kwa simu.

Lililonisumbua zaidi ni chai, tena mimi muuza chai! Kijana anasimulia alivyompeleka abiria Ujiji, akapewa msimbazi na kuambiwa abaki na chenji. Wenzake wanapiga kelele, "Hiyo chai!" Nami na birika langu nageuka: ya nani, ya maziwa au ya rangi? Kumbe chai ni uongo uliokolezwa. Sasa naitumia kwa faida yangu. Mtu akisema atalipa kesho, namjibu, "Mwanangu, hiyo chai, na hapa kwangu chai ni jero."

Halafu wananiita bi mkubwa. Mimi ni mtoto wa Ujiji, na kwetu bi mkubwa ni mke wa kwanza. Akitajwa yeye, bi mdogo hayuko mbali. Siku niliyoitwa hivyo mara ya kwanza mume wangu alikuwa amekaa pale pale, na niliyemkazia macho ni yeye, si kijana. Maskini, alieleza mpaka jasho likamtoka. Mtaani ni "mama" tu, tena kwa heshima. Hata kula bata ni kustarehe kwa gharama, wala hakuna bata anayechinjwa.

Yapo maneno wanayoyanyamazia nikisogea na sahani. Hayo sijayafuatilia.

Mimi mwenyewe siyasemi sana, zaidi ya hiyo chai ya madeni. Juzi nilimsifu mmoja kwamba shati lake ni bomba, kama tulivyosema ujanani. Akamgeukia mwenzake: "Bi mkubwa anasema nimelowa wapi?"