Karata ya Hila Hupimwa Ikiwa Kati ya Nyingine

Karata niliyoiagiza kutoka nje kwa ajili ya mazingaombwe imenifikia, na kabla ya kuitumia mbele ya watazamaji nimeikagua kwa utaratibu ninaoutumia kwa kila karata ya hila. Hii ni karata yenye kibawa: ukiitazama unaona saba ya kopa, lakini nusu ya uso wake imeungwa katikati kwa bawaba ya karatasi nyembamba, na kibawa hicho kikilala upande wa pili uso mzima unakuwa ree ya shupaza. Uzi wa mpira uliofichwa ndani hukivuta kirudi chenyewe, hivyo kazi ya mchezaji ni kukiachia tu kwa wakati wake. Sidhani ninavunja miiko ya kutunza siri kwa kuyasema haya, kwani hila hizi ni za zamani: Johann Nepomuk Hofzinser, mwanamazingaombwe na mtumishi wa serikali wa Vienna aliyefariki mwaka 1875, alisifika kwa karata zilizobanduliwa tabaka na kuunganishwa upya.

Wanunuzi wengi huipima karata ya namna hii kwa uzuri wa badiliko lake. Badiliko ni zuri, hilo sibishani nalo. Hata hivyo, hutokea mara moja tu katika mchezo, ilhali muda wote uliobaki karata hiyo inatakiwa ionekane haina jambo. Kwa sababu hiyo naanza kwa kuichomeka katikati ya pakiti, nafumba macho, kisha natiririsha kingo za karata kwa kidole gumba. Karata ya kawaida ina unene wa takriban milimita 0.3, na kibawa kikiwa kimetengenezwa kwa karatasi isiyopunguzwa tabaka, gumba husimama lenyewe palipo na unene huo. Hii yangu inasimamisha gumba kidogo, jambo ambalo kwangu ni faida maana naipata bila kuitazama, lakini mtazamaji aliyezoea kuchanga karata akipewa pakiti ataihisi pia.

Kisha nazitazama kingo. Pakiti iliyotumika kwa muda huwa na rangi ya kijivu ubavuni kutokana na jasho na vumbi la mikono, na karata mpya ikiingizwa humo hujitokeza kama mstari mweupe ambao hata mtoto aliyeketi mbele anaweza kuuonyesha kwa kidole. Ndiyo maana karata ya hila na pakiti yake zinafaa kuchakaa pamoja, na ukinunua karata moja ununue na pakiti mpya inayofanana nayo. Watengenezaji wengi hutumia karata za Bicycle, chapa iliyoanza mwaka 1885, kwa kuwa mgongo wake unaoitwa Rider Back unapatikana kwa urahisi katika nchi nyingi. Kwetu shida ni upana. Karata hizo zina upana wa milimita 63, na kwa pakiti nyembamba za milimita 57 hakuna ujanja utakaoificha karata inayochungulia pembeni kwa milimita 6.

Jaribio lililonipa mashaka zaidi ni la mwanga na pembe. Chini ya taa iliyo juu ya kichwa, mpaka wa kibawa hauonekani. Taa ikiwa ubavuni, kivuli chembamba kinaikata katikati kopa ya kati, na mtu aliye hatua mbili kutoka kwangu anakiona. Matangazo ya karata hizi hupigwa picha kutoka mbele, mkono umetulia, mwanga umepangwa. Sisi tunaochezea sokoni, kituo cha daladala au kwenye sherehe huzungukwa pande zote, na daima kuna kijana aliyepanda kitu nyuma ya bega lako. Kwa mtazamaji wa nyuma kibawa kikigeuka ni siri iliyokwisha. Sauti nayo isisahauliwe: mpira uliokazwa mno hukirudisha kibawa kwa mlio mdogo mkavu, ambao ukumbini unamezwa na muziki lakini mezani unasikika wazi.

Hali ya hewa ya pwani ni mtihani mwingine. Karatasi hunywa unyevu na kujikunja, na karata iliyobandikwa vipande kadhaa hujikunja tofauti na wenzake, kwa hiyo ninaihifadhi ikiwa imebanwa ndani ya pakiti yake. Mpira huchoka kwa joto, na karata ambayo uzi wake hauwezi kubadilishwa bila kubandua uso naihesabu kuwa ni ya kutupwa hata kama ni ghali. Hii inabadilishika, kwa subira na sindano nyembamba.

Linabaki swali ambalo maelezo ya wauzaji hulipita haraka: utaiondoaje mkononi baada ya hila? Watazamaji wetu hawaridhiki kupiga makofi. Watasema "hebu lete niione", na mkono utakuwa umekwishanyooshwa. Karata yenye migongo miwili, yaani mgongo pande zote mbili bila uso, ambayo ni rahisi mno kwa bei na haina kifaa chochote ndani, naweza kuichanganya na nyingine na kuendelea na mazungumzo. Yenye kibawa inahitaji ree ya shupaza halisi iwe tayari mahali pa kubadilishana, na badilishano hilo ndilo linalodai mazoezi mengi kuliko hila yenyewe. Nimeamua kuitumia jukwaani pekee, watu wakiwa wamekaa mbele, ree halisi ikiwa mfuko wa kushoto wa koti. Mitaani nitaendelea na ile ya migongo miwili.