Taa ya eabegi imezima, na safari hii naiamini

Leo siku ya nne taa ya eabegi (mfuko wa hewa wa kwenye usukani) inawaka sekunde 6 hivi nikifungua swichi na kuzima, kama inavyotakiwa. Nimeenda Uyole na kurudi, nimekata usukani hadi mwisho pande zote, nimeliacha gari nje usiku kucha kwa baridi hii ya Julai. Haijarudi. Sikuandika mapema kwa sababu mara ya mwisho nilitangaza ushindi jioni, asubuhi ikawaka.

Kodi, yaani namba ya hitilafu, ilikuwa ile ile 14 tangu mwanzo: saketi ya eabegi ya dereva imekatika. Niliisoma kwa kuunga Tc na CG, matundu mawili ya soketi ya uchunguzi, na kuhesabu mimweko ya taa. Kile kidude cha bluutuu cha bei poa cha kusomea kodi, kwenye gari la umri huu kinasoma injini tu, halafu kinakuambia kwa kujiamini kwamba gari ni zima. Kipande cha waya kimenifaa kuliko hicho.

Kilichonitesa ni kwamba ubovu ulikuwa wa asubuhi. Saa 12, vioo vina umande, nikikata kushoto tu, taa. Saa 7 mchana, jua limelipiga gari, hakuna kitu. Fundi umeme mmoja pale Mwanjelwa alibonyeza honi mara mbili akasema, "Kaka, spairo nzima hii, si unasikia mwenyewe?" Spairo ni ule utepe wa nyaya uliojikunja ndani ya usukani. Nikamkubalia, nikapoteza wiki mbili nimelala kifudifudi chini ya dashibodi nafukua waya. Honi na eabegi vinapita kwenye utepe huo mmoja, lakini kila kimoja kina njia yake. Honi inalia vizuri tu huku njia ya jirani yake imepasuka. Fundi mwingine alinishauri nichomoe balbu ya taa hiyo. Huyo simjibu.

Kilichoniokoa ni rizista ya omu 2, kipande kidogo kinachoiga eabegi mbele ya kompyuta. Terminali hasi ya betri nje, sekunde 90 (mimi nangoja dakika 5, muoga), eabegi nje, uso wake juu, mbali na watoto. Multimita haigusi eabegi yenyewe, inaweza kuilipua. Nikachomeka rizista juu, mahali pa eabegi, nikafuta kodi, nikalala. Asubuhi: 14. Kwa hiyo eabegi haina kosa.

Jioni nikaishusha rizista hadi soketi ya njano chini ya usukani, nikaikwepa spairo kabisa. Ikaja 13, shoti! Nilidhani nimeua kompyuta ya eabegi. Nikakaa kwenye ngazi nusu saa nikitazama chai ikipoa. Kumbe ni ile springi ya usalama ndani ya soketi, ambayo hugusanisha nyaya mbili ukichomoa. Nikaiinua kwa kipande cha karatasi ngumu, nikafuta tena. Asubuhi kimya. Nikazungusha usukani kushoto kulia mpaka jirani akachungulia dirishani. Kimya kabisa.

Basi spairo. Nikanunua ya mtumba, nikafunga kwa furaha, siku ya pili naegesha Kabwe nakata usukani wote, nikasikia *tap*. Taa. Na honi nayo ikafa, angalau hii haikunificha kitu. Ilikuja bila ile tepu inayoizuia isizunguke, nami sikuiweka katikati. Uvivu wangu, hela yangu. Ya tatu niliizungusha taratibu kinyume cha saa hadi ikagoma, nikairudisha mizunguko miwili na nusu, alama zikakutana. Magurudumu yawe yamenyooka kabla ya yote. Hiyo ndiyo iliyomo mpaka sasa.

Ile ya kwanza niliipasua. Ufa uko kwenye kona ya utepe, mwembamba kama unywele, ukiuvuta kwa kucha unaachia, ukiuacha unagusana. Nimeupiga picha nikampelekee yule mzee wa honi.

Nilipanga wiki hii nifanye spika za nyuma. Hapana. Nimepata soketi mbili za njano kutoka gari la chuma chakavu, na nina rizista zilizobaki. Nataka kiboksi cha kuiga hali tatu za saketi, chenye swichi tatu: nzima, imekatika, shoti. Plastiki ya kuweka nimeshaipata, ni kopo la siagi.