Siku maonyo yote yalipokaa ukurasa mmoja

Kipindi hicho nlikua nafanya kazi sehemu inayotoa miongozo ya mashine, na kulikua na kitabu kimoja kinene kimeandikwa kwenye programu ya kawaida tu ya kuchapia, kila aliyepita pale kaongeza lake. Boldi, yale maandishi mazito, ilikua kila mahali. Jina la kitufe boldi, neno jipya boldi, onyo la hatari boldi, ukitazama kwa macho vyote sawa. Ndo tukaambiwa tukihamishie DocBook, ile XML ya vitabu vya kiufundi, yaani maandishi yanayowekewa tegi, lebo zinazosema kila kipande ni nini, ambayo ilianza 1991 ikiwa bado SGML, mtangulizi wa XML.

Watu wanadhani kazi hiyo ni skripti tu, kiprogramu kinachobadilisha chenyewe. Vichwa vya sura, aya na orodha skripti ilivimaliza fasta, sina ubishi, ila kwenye boldi ikakwama, maana itajuaje kama "Zima umeme" ni kitufe cha kubonyeza au ni onyo la kuokoa maisha ya mtu? Lazima usome sentensi nzima ndo uamue, hii guibutton (tegi ya kitufe), hii firstterm (neno jipya), hii warning (onyo). Mimi nikapewa sura za matengenezo na nlizisoma neno kwa neno, na mpaka leo naamini hapo ndo kazi yenyewe ilipo, hayo mengine ni kubonyeza tu.

Faili zilipopita validesheni, ule ukaguzi wa kompyuta kama tegi zimefuata kanuni, bila kosa nikaandika XPath fupi, amri ya kutafuta tegi, //warning, maonyo yote ya kitabu yakatoka kwenye orodha moja nikampelekea fundi mkuu. Mzee akavaa miwani, akaweka kidole kwenye onyo la juu, akashuka nalo taratibu, akaweka kidole cha mkono wa pili.

"Kijana, hebu njoo uone hapa."

Moja linasema ukishazima umeme subiri dakika 5 ndo ufungue kifuniko, ili kapasita, vile vifaa vinavyohifadhi umeme, ziishiwe chaji. Jingine linasema dakika 10. Mashine ile ile, kifuniko kile kile!

"Sasa lipi la kweli mzee?"

"Kumi. Dakika tano bado inakurusha vizuri tu."

Mwili ulinisisimka jamani. Yale maonyo yalikua yametenganishwa na sura kadhaa, na nani anasoma mwongozo mwanzo mpaka mwisho? Fundi anafungua ukurasa anaouhitaji, anafanya kazi, basi. Tukaliweka lile onyo kwenye faili lake peke yake, kila sura ikawa inalivuta kwa XInclude, amri ya kuingiza faili moja ndani ya jingine, ukirekebisha pale ukitoa upya PDF na HTML limebadilika kote.

Mzee akaniuliza kama naweza kumtolea hivohivo vipimo vyote vya kukaza bolti. Nikamwambia hivyo hatukuviwekea tegi, vimo tu ndani ya aya.

"Basi viwekeeni."

Tukarudi sura ya kwanza, tukaanza kuvitafuta.