Nilivyoituliza bagi yangu ya rimoti kwenye matuta

Tatizo lilikuwa kwenye tuta la tatu, lile linalofuatwa na kona kali ya kushoto. Bagi ilipanda vizuri, lakini ikifika ukingoni mkia ulirushwa juu kana kwamba umepigwa teke kutoka chini. Pua iliinama angani, magurudumu ya mbele yakatangulia kutua, na hapo ilikuwa bahati tu: mara gari lilinyooka na kuendelea, mara lilibinuka na kulala chali. Katika mizunguko kumi nilitua salama mara sita au saba. Zile tatu au nne zilizobaki zilitosha kunitoa kabisa kwenye mbio.

Gari lenyewe ni bagi ya kipimo cha 1:10, ya mota ya umeme, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Pamoja na betri lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Gari jepesi namna hiyo likikutana na mashimo kwa kasi, tairi linaruka kabla hujafikiri, na tairi lililo hewani haligeuzi, halivuti wala halifungi breki. Kazi ya kulirudisha chini ni ya shokapu. Ndiyo maana nilijua tangu mwanzo kwamba dawa iko kwenye shokapu. Nilichokosea ni mahali pa kuanzia.

Kwa wiki tatu nilihangaika na springi. Niliweka ngumu nyuma, mkia ukazidi kurushwa. Nikaweka laini, tumbo la gari likawa linagonga chini. Nikaongeza mafuta mazito, nikahamisha shokapu tundu moja ndani kwenye mnara (bamba linaloshika ncha zake za juu), nikabadilisha na tairi, yote usiku mmoja. Kesho yake gari lilikuwa tofauti, ila sikuweza kusema kipi kimesaidia na kipi kimeharibu.

Kaka mmoja tunayekutana naye uwanjani, aliyeanza kuendesha miaka mingi kabla yangu, aliniomba gari alitazame. Hakuliwasha. Alivua springi zote nne, akazitoa shokapu za nyuma, akaziweka sikioni moja baada ya nyingine huku akisukuma shafti, ile fimbo ya chuma ya shokapu, ndani na kuivuta nje. Ya kulia ilikuwa kimya. Ya kushoto ilikoroma, kama mrija unaonyonya chini ya glasi iliyoisha.

"Umesikia, mdogo wangu?"

"Nimesikia, kaka. Kuna hewa ndani."

"Basi habari za springi tuziache. Kwanza hizi mbili ziwe pacha."

Kisha akazisukuma shafti zote mbili hadi mwisho na kuziachia. Moja ilibaki pale pale. Nyingine ilirudi nje karibu nusu ya safari yake. Tulipozipima kwa kalipa zikiwa zimenyooka, kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya boli la chini, ya kushoto ilikuwa ndefu kwa milimita 0.8. Kwa hiyo nyuma ya gari langu kulikuwa na shokapu mbili zisizofanana kwa urefu, kwa mafuta wala kwa msukumo wa kurudi, nami nilikuwa natafuta springi ya kuzipatanisha.

Usiku ule nilizifungua zote nne. Hii ni sehemu ambayo wengi huipitia haraka, nami sasa naipa muda kuliko nyingine yoyote.

Nilimwaga mafuta ya zamani (yalikuwa ya kijivu, dalili ya vumbi na unga wa chuma), nikasafisha kila kipande na kukipangusa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Oringi mbili za chini, pete za mpira ambazo shafti hupita katikati yake, nilizibadilisha na kuzipaka grisi kidogo. Oringi kavu huishika shafti, na shafti inayoshikwa haiitikii vishimo vidogo. Kabla ya kutia mafuta nilihakikisha kila shafti inateleza kwa uzito wake yenyewe. Ya mbele kulia ilikwama katikati. Nilipoiviringisha juu ya kioo niliona imepinda kidogo sana, kiasi ambacho macho peke yake hayakukiona. Nikaweka mpya. Urefu niliurekebisha kwa kuzungusha boli la chini kwenye uzi wake, mpaka kila jozi ikasoma sawa kwenye kalipa.

Halafu mafuta. Nilivuta shafti nje kabisa, nikajaza mafuta ya silikoni hadi karibu na mdomo, kisha nikapandisha na kushusha pistoni taratibu, bila kuitoa juu ya mafuta. Viputo hutoka chini ya pistoni kimoja kimoja. Ukiharakisha unavivunja kuwa povu, na povu huchukua muda mrefu zaidi kupanda. Nilizisimamisha wima kwa robo saa, nikarudia, nikaziacha tena. Mafuta yakawa safi kama maji.

Kufunga kifuniko nako kuna hesabu yake. Shafti inapoingia inachukua nafasi, na mafuta hayabanwi. Shafti ya milimita 3 ikiingia milimita 25 inasukuma karibu sehemu ya tano ya mililita moja. Ni kiasi kidogo, lakini lazima kiende mahali. Kwenye shokapu zangu kinaelekea kwenye kipira laini kilicho chini ya kifuniko. Ukifunga shafti ikiwa nje kabisa, ndani kunabaki mafuta mengi, kipira kinabanwa kila shafti inapoingia, na shafti inarudi kwa nguvu kama ina springi ya pili iliyofichwa. Ukifunga ikiwa imeingia kiasi, mafuta ya ziada yanavuja pembeni unapokaza, na msukumo ule unapungua. Mimi hufunga shafti ikiwa katikati, nakaza, nasukuma mpaka mwisho na kutazama inarudi kiasi gani. Kama pacha wake amerudi zaidi, nafungua na kurekebisha. Kurudi robo au kutorudi kabisa ni uamuzi wa dereva. Mimi napenda isirudi, kwa kuwa matairi hulala chini vizuri kwenye ardhi yenye mashimo. Ila kulia na kushoto zifanane, hapo sina mjadala.

Niliporudi uwanjani na springi zile zile za mwanzo na uzito ule ule wa mafuta, gari lilikuwa limetulia kwa namna niliyoisikia vidoleni. Lilikwenda moja kwa moja chini ya breki. Kwenye kona za kulia na za kushoto liligeuka sawa. Hapo awali nilidhani mimi ndiye dhaifu upande wa kushoto. Lakini tuta la tatu liliendelea kurusha mkia. Mara hii nilikuwa na msingi wa kuanzia, kwa hiyo nikaweka sharti: badiliko moja, mizunguko mitano, daftari.

Nilianza na kimo cha chasisi kutoka ardhini. Gari likiwa na betri, nililiachia kutoka sentimita 15 hivi juu ya meza ili lijikalie lenyewe, kisha nikapima: milimita 24 nyuma, 21 mbele. Nilizungusha pete za kubana springi mpaka pande zote zikasoma 22. Hapa naomba msomaji aelewe jambo ambalo nililichanganya kwa muda mrefu: pete ile haifanyi springi kuwa ngumu. Inainua gari tu. Ugumu wa springi uko kwenye waya wake, unene na idadi ya mizunguko. Kimo kikawa sawa, kona zikawa nzuri zaidi kidogo, mkia bado.

Nikaenda kwenye pistoni, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa limejificha.

Pistoni ni kisahani cha plastiki chenye matundu, na mafuta hupita humo shafti inaposogea. Nilikuwa nikiamini kwamba tundu dogo na mafuta mazito ni kitu kimoja, njia mbili za kufanya shokapu iwe ngumu. Kwa mwendo wa taratibu ni karibu kweli. Gari linapolala kwenye kona au kuinama chini ya breki, shafti inasogea polepole, mafuta yanapita kwa utulivu, na uzito wake ndio unaoamua. Lakini gurudumu likigonga uso wa tuta kwa kasi, shafti inaingia ghafla, mafuta yanachafuka ndani ya matundu, na ukinzani unapanda upesi kuliko kasi yenyewe. Hapo uzito wa mafuta hauna neno kubwa tena. Tundu ndilo linaloamua. Likiwa dogo mno, kwa nukta ile shokapu inakuwa kama imeganda. Gurudumu haliwezi kupanda, kwa hiyo gari zima ndilo linalopanda. Ule ndio mkia wangu uliokuwa ukipigwa teke.

Pistoni za nyuma zilikuwa na matundu mawili ya milimita 1.6, mafuta ya 350 cSt (sentistoki, kipimo cha uzito wa mafuta, yaani yanavyokataa kutiririka). Niliweka za matundu mawili ya 1.7. Milimita 0.1 inaonekana si kitu, lakini eneo la tundu linaongezeka kwa asilimia 13 hivi, na kwa mafuta yanayopita kwa utulivu njia inafunguka zaidi ya hapo, karibu robo. Kama ningeacha mafuta ya 350, gari lingelegea kwenye kona. Kwa hiyo nikapandisha mafuta hadi 450. Nilipozisukuma kwa mkono, taratibu, mpya na ya zamani zilifanana kabisa. Nilipoipiga shafti ghafla kwa kiganja, ya zamani ilikataa na mpya ikaingia.

(Neno la pembeni kuhusu mafuta: chupa nyingi zimeandikwa namba za aina ya 30 au 35, na namba hizo hazilingani kati ya kampuni na kampuni. Cha kufuata ni cSt, na hata hivyo mimi hubaki na mafuta ya kampuni moja ili nisichanganye mambo.)

Mzunguko wa kwanza nilishikilia pumzi. Bagi ilipanda tuta la tatu, mgongo ukabaki sawa na ardhi, ikatua kwa magurudumu yote manne na kuingia kwenye kona bila kusubiri. Nilirudia mizunguko kumi. Kumi ikatua kumi. Nilifurahi kiasi kwamba nilisahau kuandika muda.

Yaliyobaki yalikuwa madogo. Kutoka kwenye tuta la mwisho, lenye kutua kwenye ardhi tambarare, tumbo liligonga kwa nguvu kupita kiasi. Kipimo changu cha nyumbani ni kuliachia gari kutoka sentimita 30: natarajia chasisi iguse sakafu kidogo na gari libaki chini bila kudunda. Mbele ilikuwa inagonga, nikaongeza mafuta ya mbele kutoka 400 hadi 450, ikatosha. Kisha nilihamisha ncha za chini za shokapu za nyuma tundu moja nje kwenye mikono ya gari, ile inayoshika magurudumu. Huko shokapu inasafiri zaidi kwa kila milimita ya gurudumu, nyuma ikawa ngumu kupita kiasi na mkia ukaanza kuteleza nikitoka kwenye kona. Nikairudisha mahali pake siku ile ile. Kwa kuwa lilikuwa badiliko moja, kulifuta kulinichukua dakika tano.

Joto nalo lina sehemu yake. Mafuta ya silikoni hupungua uzito yanapopata moto, ingawa si kwa kiasi cha mafuta ya kawaida. Asubuhi yenye baridi na mchana wa jua kali si gari lile lile. Daftari langu sasa lina safu ya halijoto, na mchana ukiwa mkali napanda hatua moja ya mafuta mbele na nyuma kwa pamoja, pistoni sizigusi.

Kila baada ya siku tatu za mbio nafungua jozi ya nyuma, na ya mbele baada ya sita, isipokuwa nikiona mafuta yamevuja kwenye shafti. Kabla ya kuzifunga kwenye gari naziweka sikioni, moja baada ya nyingine, nikizisukuma taratibu mpaka nihakikishe zote nne ziko kimya.