Baridi Kwanza, Taa Baadaye

Mwaka wa kwanza nilipojaribu kuzalisha nyoka wangu wa spishi ya Pantherophis guttatus, ambao asili yao ni Marekani, nilifunga taima kwenye taa, nikapunguza muda wa mwanga kutoka saa 14 hadi saa 9 kwa siku, kisha nikasubiri. Chumba chenyewe kilibaki na nyuzijoto 25 usiku na mchana. Dume alimpanda jike mara mbili tu, na jike akataga mayai 11, yote viza: madogo, ya manjano, magumu kama nta.

Nilikuwa nimeazima mawazo ya wafugaji wa kuku, ambao huongeza saa za mwanga ili utagaji usipungue. Ni kweli kwamba tezi ya pinea ya nyoka, iliyo ndani ya ubongo, hutoa melatonini, homoni inayoujulisha mwili kuwa ni usiku, wakati wa giza, lakini kwa mnyama ambaye damu yake hufuata joto la mazingira, mtiririko wa homoni hiyo hutegemea joto pia, hivyo giza pekee humfikishia nusu ya habari. Mfano ulionishawishi ni wa nyoka wenye mistari wa Manitoba, Kanada, ambao madume yao hutengeneza mbegu majira ya joto, huzihifadhi mwilini msimu mzima wa baridi, na kuwaandama majike mara tu wanapotoka mashimoni, ingawa wakati huo testosteroni yao, yaani homoni ya kiume, huwa imeshuka; kinachowaamsha ni joto linalofuata baridi ndefu.

Siku hizi mimi huacha kuwalisha nyoka wangu wiki tatu kabla ya kipindi cha baridi, kwa sababu mlo uliobaki tumboni huoza mmeng'enyo unaposimama, ndipo ninashusha joto polepole hadi nyuzi 12 na kuwaacha gizani, na maji tu, kwa wiki 10. Baada ya kuwapasha tena na kuwalisha, ninangoja jike ajivue gamba. Hapo dume, ambaye jana alimpita kama gogo, huburuta kidevu chake juu ya mgongo wa jike huku mwili ukimtetemeka.

Chatu wa Afrika Magharibi, Python regius, asitendewe hivyo hata kidogo, kwani baridi ya namna hiyo humletea nimonia. Kwake mimi hupunguza joto la usiku tu, hadi nyuzi 24 hivi, na mchana namrudishia sehemu yake ya kuota joto.