Siku niliyolala kwenye handaki la Salaita

Juzi kitinda mimba wangu kanijia na daftari, anauliza, "Mama, hii Vita ya Kwanza ya Dunia si ilikuwa ya wazungu, sisi ilituhusu nini?" Na mimi mawazo yakanirudisha Salaita, kile kilima cha vita karibu na Taveta, siku niliyokwenda na mjomba.

Enzi hizo barabara ya Voi–Taveta ni vumbi jekundu tupu, lami haijafika. Tukapita Maktau, tukapita Mbuyuni, huko mbele mjomba akagonga bodi tukashuka. Kilima chenyewe ni kifupi, mawe na miiba tu. Tukapanda mpaka juu, tukaona mashamba ya mkonge upande wa Taveta, Kilimanjaro imejifunika mawingu, mimi nikajua tumemaliza. Mjomba akasema vita haikuwa huku juu, teremka.

Chini kule kuna handaki, limefukiwa nusu na majani. "Lala hapo, angalia upande wa Mbuyuni." Nikalala kifudifudi, mchanga unachoma tumbo, sisimizi wananipanda mkononi, mbele yangu ni mashina ya miiba tu, halafu katikati ya yale mashina nikaona mbuzi wa mtu wanakuja, miguu kwanza, kisha matumbo, mmoja baada ya mwingine, wamekaribia kabisa na hakuna hata mmoja aliyeniona. Mjomba kachutama nyuma yangu, anaongea polepole: "Sasa wewe ni askari wa Mjerumani. Mwingereza anapiga mizinga kule juu ambako hakuna mtu, halafu makaburu wanakujia hivyo hivyo, kwa miguu."

Hiyo ilikuwa tarehe 12 Februari 1916. Kwa siku moja tu wale makaburu wa Afrika Kusini, waliopigana upande wa Mwingereza, zaidi ya 130 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea. Na waliolala pale nilipolala wengi walikuwa Waafrika kama mimi, ndicho kilichonikaba koo. Mwezi uliofuata Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, akazungukia kaskazini, Wajerumani wakakiacha kilima.

Tulipoinuka mjomba akaniuliza, "Umeona maji popote hapa?" Hakuna. Yote yalibebwa, na huku upande wetu ni hivyo hivyo, maji, unga, risasi, vyote mgongoni na kichwani mwa watu. Babu yake alichukuliwa kubebea Waingereza mizigo, hakurudi, na kaburi lake hakuna anayelijua.

Taveta mjini tukaingia makaburi ya vita, mawe yamepangwa safi, jina, kikosi, tarehe. Mjomba akapita safu zote, akasoma kila jiwe.

Nairobi kuna sanamu inayomkumbuka mpagazi pamoja na askari, namshukuru aliyeiweka. Wageni wetu siku hizi wanapelekwa ziwa Chala kupiga picha na ni haki yao, Chala ni pazuri sana. Lakini natamani mno kwetu Taita Taveta pawe na mahali pa wale wabeba mizigo, ila sijui pawe wapi, maana wao walikufa njia nzima, toka huku kwetu mpaka Rufiji.