Kosa la Herufi na Kosa la Jina

Katika baadhi ya kamusi za Kiingereza, Moslem huwekwa kando ya Muslim na kutiwa alama inayoeleza kuwa ni tahajia ya zamani, au kwamba huweza kuudhi. Sababu ipo: wazungumzaji wengi hutamka s ya Moslem kama z, na wako Waislamu waliolalamika kwamba matamshi hayo yanalisogeza jina lao karibu na maneno ya Kiarabu ya mzizi uleule uliotupa sisi dhalimu. Kosa limo katika herufi, na herufi zikirekebishwa limekwisha. (Kwetu Muislamu na Mwislamu hugombaniwa na wahariri tu, hakuna anayetukanwa.)

Ndorobo ni kesi tofauti kabisa. Vitabu vya enzi ya ukoloni, ambavyo bado unaweza kuvikuta kwa wauza vitabu vikuukuu hapa Nairobi, huandika Dorobo, Ndorobo na Wandorobo, na tahajia zote hizo zinatokana na neno la Kimaasai linalomtaja mtu asiye na ng'ombe, yaani fukara. Waogiek, mojawapo ya jamii zilizobandikwa jina hilo, ambao mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha iliamua kwamba haki zao za ardhi katika Msitu wa Mau zilikiukwa, hawapati nafuu yoyote jina hilo likisahihishwa herufi. Mwanakamusi anayebandika alama moja ya "dharau" juu ya Moslem na Ndorobo hajamweleza msomaji dharau yenyewe imekaa wapi. Masai, kwa upande wake, imepungukiwa na a moja tu, nami ningeiandikia "tahajia ya zamani" bila kuongeza neno.

Wapo wanaotaka vidahizo vya namna hii, yaani maneno yanayoorodheshwa na kufafanuliwa katika kamusi, vifutwe. Nchini Uingereza, mfanyabiashara Marcus Shloimovitz aliwashtaki wachapishaji wa kamusi za Oxford kwa sababu ya maana ya kudhalilisha iliyoorodheshwa chini ya neno Jew, akashindwa mwaka 1973. Uchungu wake nauelewa, lakini kufuta sikubaliani nako, kwa kuwa mwanafunzi anayekutana na Kavirondo, jina la zamani la eneo la kando ya Ziwa Victoria, katika ramani kuukuu, au Wanyika katika maandishi ya mmisionari Krapf, atatafuta maana mahali fulani, na ni afadhali aikute kwenye kamusi, ikiwa imeandikwa waziwazi: Wanyika, jina walilopewa Wamijikenda na watu wengine, lenye kuwadunisha kuwa watu wa porini, wenyewe hawajiiti hivyo.